Haki ya Mchimbaji Aliyeumia: Itazamwe Kazi, si Karatasi

Mtu asimamaye asubuhi juu ya milima ya Ugweno, akaelekeza macho yake upande wa mashariki, huliona Ziwa Jipe limelala bondeni, na ng'ambo yake nchi ya Taveta, kwa ndugu zetu wa Kenya. Ziwa hili lililisha watu wa pande zote mbili kwa miaka mingi. Lakini Mto Lumi uletao maji kutoka Kilimanjaro umeleta na udongo pia. Matete na mafunjo yameziba kingo, mitumbwi hupita kwa taabu, na samaki si wale wa zamani. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa kando ya Jipe, ambaye baba yake aliishi kwa nyavu, hana budi kutafuta riziki mahali pengine. Wako wanaokwenda Makanya, katika Wilaya ya Same, kuchimba jasi ipelekwayo katika viwanda vya saruji. Wako wanaokwenda mbali zaidi, hata Mererani katika Wilaya ya Simanjiro, kuitafuta tanzanaiti chini ya ardhi.

Leo hatuandiki habari za ziwa. Twaandika habari za kijana huyo, na hasa za siku ile atakaporudi nyumbani akiwa amevunjika mguu, au akiwa na kikohozi kisichokoma. Twauliza swali moja tu, nalo si gumu kulielewa: Je, ni nani atakayemlipa?

Habari za utajiri husafiri upesi. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo mmoja wa Mererani aliuza mawe mawili kwa Serikali kwa shilingi bilioni 7.7, na habari hiyo ilifika katika kila kijiji cha Upare. Vijana wengi walifunga mizigo yao kwa sababu ya habari kama hiyo. Lakini habari za watu warudio mikono mitupu na vifua vilivyoharibika hazitangazwi. Hao hurudi kimya kimya kwa mama zao, hulala ndani, na siku zao zikitimia huzikwa kimya kimya. Sisi twaona kwamba gazeti la wafanyakazi lisilowasemea watu hawa halitimizi wajibu wake.

SHERIA IPO

Kwanza yafaa ieleweke kwamba fidia si sadaka, wala si hisani ya tajiri mwenye moyo mzuri. Ni haki. Tangu Uingereza ilipotunga sheria yake ya fidia mwaka 1897, msingi wake umekuwa huu: kazi inayomletea mwenye mali faida ndiyo inayopaswa kubeba gharama ya mtu aliyeumia katika kazi hiyo, bila ya kumlazimisha maskini huyo kwenda mahakamani kuonyesha nani alikosea.

Hapa kwetu msingi huo uliingia enzi za Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa sheria iliyokuwa Sura ya 263. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge waikumbuka. Mtu aliyekatwa vidole na mashine ya korona alipimwa kama bidhaa, kidole hiki kwa fungu hili, mkono kwa fungu lile. Sheria hiyo ilidumu mno kuliko ilivyostahili. Katika miaka yake ya mwisho, mtu aliyepata ulemavu wa kudumu hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, na kwa mtu aliyekufa kazini kiwango cha juu kilikuwa shilingi 83,000. Thamani ya fedha ilishuka mwaka hata mwaka, lakini tarakimu zile zilibaki pale pale. Mjane alipewa fedha zisizotosha hata kulisha watoto wake mpaka mavuno.

Aibu hiyo iliondolewa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango tarehe 1 Julai, 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Ni marufuku kuukata katika mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia hutibiwa. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akipata ulemavu wa kudumu uzidio asilimia 30, hupewa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa mkupuo mmoja. Akifa, wategemezi wake hulipwa. Nayo sheria haihusu ajali peke yake, bali na maradhi yatokanayo na kazi.

Twasema wazi kwamba sheria hii ni nzuri. Mtu aliyeajiriwa katika machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka au ya Kiwira, jina lake likiwa katika orodha ya mishahara, anayo njia ya kudai haki yake. Lakini yule kijana wa Jipe aliyeko shimoni Mererani, jina lake liko katika orodha gani?

NANI MWAJIRI?

Hebu tuutazame utaratibu wa machimbo madogo. Juu kabisa yuko mwenye leseni. Pengine huyo amemkabidhi shimo mtu mwingine aliendeshe. Mwendeshaji naye ana mfadhili anunuaye chakula na baruti. Chini yao yuko msimamizi, na chini ya wote, mamia ya mita ndani ya ardhi, wako vijana wenyewe, wanaapolo. Hao hawapewi mshahara. Hula posho, hupewa vifaa, na jiwe likitoka hupata mgawo. Jiwe lisipotoka, miezi hupita bila ya senti. Ajali ikitokea, kila mtu katika ngazi hiyo humnyoshea mwenzake kidole. Mwenye leseni husema, "Mimi sikumwajiri." Mfadhili husema, "Mimi nilitoa chakula tu." Msimamizi husema, "Sisi sote hapa twabahatisha." Na mwishowe husemwa kwamba kijana yule alikuwa mshiriki wa biashara, si mfanyakazi!

Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Mshiriki gani wa biashara asiyejua jiwe limeuzwa kwa bei gani? Mshiriki gani aamriwaye saa ya kuingia shimoni na saa ya kutoka?

Tena si sisi tu tusemao hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, yasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa ni mfanyakazi, hata mkataba wake uwe wa namna gani, ikiwa moja tu katika dalili kadhaa yaonekana. Je, namna ya kufanya kazi huongozwa na mtu mwingine? Je, saa zake za kazi hupangwa na mwingine? Je, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, hutegemea riziki yake kwake? Je, hupewa vifaa vya kazi naye? Je, humfanyia kazi yeye peke yake? Dalili moja yatosha, mpaka yule aliyefanyiwa kazi athibitishe kinyume.

Msomaji ajaribu kumpima mwanaapolo kwa kipimo hicho, ataona kwamba hana dalili moja, anazo karibu zote. Ampime na mchimba jasi wa Makanya alipwaye kwa wingi wa mzigo alioujaza, atumiaye sururu ya mwenye shimo na kumtumikia huyo huyo msimu mzima. Bunge lilipotunga kifungu hicho lilikusudia watu itazamwe kazi ifanyikayo, isitazamwe karatasi iliyoandikwa au ambayo haikuandikwa. Basi mbona mtu aliyeumia huulizwa karatasi kwanza?

UGONJWA USIO NA KELELE

Ajali ina kelele. Jiwe likianguka watu hukusanyika, na siku ya tukio hujulikana. Mwezi wa Machi 2008 mafuriko yaliingia katika mashimo ya Mererani yakaua makumi ya watu, na nchi nzima ikasikia. Lakini uko uadui mwingine usio na kelele, nao ni vumbi.

Mwamba wa Mererani unapotobolewa na kulipuliwa hutoa vumbi lenye silika, likichanganyika na vumbi jeusi la kinywe, ambalo ni ndugu yake makaa ya mawe. Chembe za silika ni ndogo kupita kiasi cha jicho kuziona. Huingia mpaka ncha za mapafu, huko hufanya makovu, na mapafu hukakamaa polepole kama ngozi iliyoanikwa juani. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Huweza kujificha miaka kumi au zaidi, na palipo na vumbi jingi huja upesi zaidi. Tena humfungulia mlango ndugu yake, kifua kikuu, kwa sababu mapafu yaliyoharibiwa na silika hayana nguvu ya kupambana nacho. Hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, imewahudumia na kuwachunguza wachimbaji wengi wa Mererani, na waganga wake wameeleza kwamba maradhi haya mawili hutembea pamoja.

Hapo ndipo haki inapopotea. Kijana arudipo Jipe akikohoa, mama humwuliza, naye hujibu, "Ni vumbi tu, mama, litaisha." Akienda zahanati huonekana ana kifua kikuu, hupewa dawa za miezi sita, na ugonjwa wake huandikwa kama ugonjwa wa mtu yeyote. Hakuna amwulizaye, "Ulifanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?" Akimaliza dawa, pumzi bado hairudi. Hapandi tena mlima wa Ugweno. Hawezi kusukuma mtumbwi. Na kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa neno silikosisi, wala mahali palipoandikwa jina la mwajiri, mbele ya sheria mtu huyu hakuumia kazini. Aliugua tu, kama Mungu alivyopenda!

Sisi twasema kwamba Mungu asisingiziwe. Vumbi lile liliingizwa mapafuni na kazi, na kazi ile ilimtajirisha mtu.

MAMBO YA WENZETU

Wachimbaji wa nchi nyingine walipita njia hii hii kabla yetu, nao hawakupewa haki kwa kunyamaza. Huko Marekani, tarehe 20 Novemba, 1968, mgodi wa makaa ya mawe wa Farmington katika jimbo la West Virginia ulilipuka ukaua watu 78. Miezi mitatu baadaye wachimbaji wa jimbo hilo wapatao 40,000 waligoma, wakidai sheria ya fidia kwa ugonjwa wa mapafu meusi. Kabla ya mwaka 1969 kwisha, ilitungwa sheria ya nchi nzima. Mwaka 1972 likaongezwa jambo lenye busara kubwa: mchimbaji aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka 15, akiwa hajiwezi tena kwa sababu ya pumzi, akahesabiwa kuwa ameugua kwa ajili ya kazi, mpaka mwenye kupinga alete ushahidi wake. Mzigo wa kuthibitisha ukaondolewa mabegani mwa mgonjwa. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1981, na ikarudishwa mwaka 2010. Tazameni basi: hata haki iliyokwisha kupatikana huweza kunyang'anywa ikiwa wenyewe wamelala.

Uingereza nako, Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Januari 1998 kwamba shirika la makaa ya mawe la nchi hiyo lilikuwa na hatia ya kutowalinda wachimbaji na vumbi. Madai zaidi ya nusu milioni yakaletwa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wajane ndio waliosimama mahali pao. Tena baadhi ya mawakili walikata katika fidia ya wagonjwa fedha wasizostahili. Funzo hilo lituingie na sisi: palipo na fidia, mbweha hawakosi. Mtu asitoe hata senti kwa yeyote adaiye kwamba atamfanyia njia ya kupata fidia yake.

Na tusiwasahau babu zetu. Kabla ya Uhuru wa 1961, watu wengi wa Tanganyika, hasa wa nyanda za kusini, walichukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mwaka 2019 makampuni sita ya dhahabu ya huko yalikubali mbele ya mahakama kuwalipa wagonjwa wa silikosisi na kifua kikuu, na ukaundwa mfuko wa Tshiamiso. Lakini mapatano hayo yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi, 1965. Watanganyika walioacha mapafu yao huko kabla ya siku hiyo wamebaki nje ya mlango. Haki iliyochelewa huwakuta wenyewe makaburini.

YATUPASAYO

Kuna watakaosema kwamba wenye mashimo madogo ni maskini, hawawezi kuchangia Mfuko. Twawajibu kwa hesabu. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1 ya mishahara. Ukapunguzwa mwaka 2021 kuwa 0.6, na mwaka 2022 kuwa 0.5. Maana yake ni shilingi 500 katika kila shilingi 100,000. Mtu awezaye kununua baruti hawezi kushindwa na shilingi 500.

Wengine watasema kwamba mwanaapolo hana mshahara, basi asilimia 70 itahesabiwa juu ya nini? Hilo ni swali la haki, nalo lina jibu. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na madini yamo. Kima hicho na kiwe msingi wa hesabu kwa kila mchimbaji apataye mgawo badala ya mshahara. Leseni ya kuchimba isihuishwe mpaka mwenyewe aonyeshe kwamba watu wote wa shimoni mwake wamesajiliwa katika Mfuko. Kosa la mwajiri kutojiandikisha lisimwangukie mfanyakazi. Na mganga yeyote amtibuye mtu kifua kikuu, aulize kazi yake na kuiandika. Kuuliza hakugharimu kitu.

Mwaka 2018 Taifa lilijenga Mererani ukuta wa kilometa 24.5 ili mawe yetu yasiibwe. Tuliufurahia ukuta ule, kwa kuwa mali ya wananchi yapaswa kulindwa. Lakini mali ya kwanza ya nchi ni watu wake. Nchi iliyoweza kuyazungushia mawe ukuta haiwezi kushindwa kuyazungushia sheria mapafu ya wale wayachimbao.

Haya ni ya Serikali na ya wenye mashimo. Sasa yako yetu sisi wafanyakazi, nayo hayangoji mtu mwingine. Mtu akiumia, amwarifu mwajiri siku ile ile mbele ya mashahidi, kwa kuwa mwajiri naye hupewa siku 7 tu kupeleka taarifa. Madai na yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali itokee, au tangu ugonjwa ugunduliwe. Akilala usingizi mwaka mzima, mlango hufungwa. Kila mchimbaji na awe na daftari dogo. Aandike jina la shimo, jina la mwenye shimo, siku aliyoingia, siku aliyotoka, na majina ya wenzake wawili. Daftari la shilingi mia chache laweza kuwa ushahidi wa maisha yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka mfanyakazi wa kazi ya hatari apimwe afya. Basi na adai kupimwa kifua aingiapo kazini na atokapo. Asiyejua kuandika na aandikiwe na mwenzake. Nayo matawi ya wanachama, tangu Jipe mpaka Makanya, yana kazi ya kufanya hapa: kuwasomea watu sheria hii kwa lugha waielewayo, na kumsindikiza mjane asiyejua aanzie wapi.

Umoja ndio uliompatia mchimbaji wa West Virginia haki yake, nao ndio utakaompatia haki yake kijana wa Jipe. Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Sisi twaongeza kwamba nchi ifichayo maradhi ya watu wake wa kazi, vilio vyao vitaiumbua. Vumbi haliulizi mtu kama ana mkataba kabla ya kuingia kifuani mwake. Basi na fidia nayo isimwulize.